Mgahawa wa Kando ya Barabara Vijijini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Mswahili anayekatiza Marekani kwa barabara: dereva wa lori la masafa marefu, mwanafunzi anayehamia jimbo jingine, familia inayokwenda harusini Ohio au Minnesota. Wengi wetu tunamaliza mamia ya maili kwa soseji na chipsi za kituo cha mafuta, ilhali maili mbili tu kutoka barabara kuu kuna mji mdogo wenye mgahawa ambako chakula kinapikwa ukikiona na mtu anakuuliza habari za safari. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na madereva wenzangu. Msimamo wangu nautoa mapema: toka barabara kuu, ingia, kaa kwenye kaunta.

Ni mgahawa wa aina gani hasa?

Ule wa mtu binafsi, usio na matawi. Kibao chake kitakuwa kimeandikwa Diner, Café au Family Restaurant, mara nyingi pamoja na jina la mwenyewe au la mji. Ndani kuna kaunta ndefu yenye stuli za kuzunguka, viti vya kochi vilivyopangwa kando ya madirisha, na jiko lililo wazi kiasi cha kumwona mpishi mgongo. Mara nyingi anayekaanga ni mwenye mgahawa, na anayebeba sahani ni mkewe, bintiye au shemeji. Karibu na mlango kuna ubao wa matangazo: trekta linauzwa, mbwa amepotea, ibada ya mazishi ni Alhamisi, kuna mchango wa matibabu ya mtoto wa jirani. Usome ubao huo ukisubiri meza. Hakuna tovuti itakayokueleza habari za mji ule vizuri kuliko karatasi zile.

Kwa nini mingine inafanana na behewa la treni?

Kwa sababu mingi ya zamani ilijengwa kiwandani ikiwa mizima, kisha ikasafirishwa hadi ilipo. Habari yenyewe inaanzia Providence, Rhode Island, mwaka 1872, ambako Walter Scott alianza kuuza chakula usiku kutoka kwenye gari la kukokotwa na farasi, karibu na ofisi za gazeti. Wateja wake walikuwa watu wa zamu za usiku, waliotoka kazini wakakuta kila mahali pamefungwa. Walikula wamesimama nje, mvua iwepo isiwepo. Mwaka 1887 Samuel Jones akaleta Worcester, Massachusetts, gari ambalo mteja aliweza kuingia ndani na kula akiwa amejikinga. Baadaye magurudumu yakaacha kuwa na kazi, viwanda vikaanza kuunda migahawa kamili, na umbo likabaki jembamba kwa kuwa lilipaswa kupita relini na barabarani. Kiwanda cha Worcester Lunch Car Company peke yake kiliunda 651 kati ya 1906 na 1957. Kuanzia miaka ya 1930 ikaja ile ya kona za mviringo, na baadaye ile iliyofunikwa chuma cha pua kinachong'aa hadi leo. Modern Diner wa Pawtucket, pia Rhode Island, ndio uliokuwa wa kwanza wa aina hii kuingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, mwaka 1978.

Hayo ni mambo ya majimbo ya Mashariki zaidi, hasa New England, New Jersey na Pennsylvania. Ukiwa Kansas, Nebraska au Iowa usitafute behewa. Huko mgahawa huwa ndani ya duka la zamani la matofali katika mtaa mkuu wa mji, na kwa nje hauna hata dalili ya kukushawishi. Usiuhukumu kwa rangi ya ukuta.

Nitaupataje nikiwa kwenye Interstate (barabara kuu ya kitaifa)?

Mabango ya buluu ya chakula utakayoyaona kabla ya njia ya kutokea yamejaa nembo za kampuni kubwa, kwa kuwa nafasi pale hulipiwa na mgahawa unatakiwa uwe karibu na njia hiyo. Wa kijijini mara nyingi haumo. Tafuta badala yake kibao cha kijani chenye umbo la ngao na neno Business: hiyo ndiyo barabara inayopita katikati ya mji, mara nyingi ile ile iliyokuwa barabara kuu kabla Interstate haijajengwa, na kwa kawaida itakurudisha Interstate upande wa pili. Kwenye nchi tambarare, angalia maghala marefu ya nafaka na tangi la maji la mji. Mtaa mkuu hauko mbali na hapo. Kisha hesabu pikapu. Pikapu nyingi zenye matope zikiwa zimeegeshwa mbele ya jengo moja saa moja asubuhi, umefika.

Lori langu lina trela ya futi 53. Nitaegesha wapi?

Piga simu kwanza. Swali ni moja tu: mna nafasi ya "semi", yaani lori lenye trela? Atakayepokea atakujibu bila kuzunguka, maana huulizwa mara nyingi, na akikwambia hakuna, atakuelekeza: uwanja wa kokoto nyuma ya duka la pembejeo, au ukingo mpana karibu na ghala la nafaka. Usiingie mjini kwa kubahatisha. Mitaa ya miji midogo ina kona kali, nyaya zinazoning'inia chini, na barabara za kaunti zilizowekewa kikomo cha uzito, hasa majira ya kuchipua ambapo barafu inayeyuka ardhini na lami inakuwa laini. Lori lililojaa hadi pauni 80,000 linaweza kuharibu barabara ambayo mji hauna fedha za kuikarabati. Wakulima wanalijua hilo, na wanamkumbuka aliyefanya hivyo.

Dakika 30 za mapumziko ambazo sheria ya shirikisho inakudai baada ya kuendesha kwa jumla ya masaa 8 zinatosha kula hapa, ukiagiza mara tu unapokaa na kumwambia mhudumu kwamba uko kwenye mapumziko ya sheria. Jiko la kifungua kinywa lina kasi. Ila usijaribu Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Siku hiyo hata meya anasubiri.

Wanafungua na kufunga saa ngapi?

Wengi hufungua saa kumi na moja au saa kumi na mbili alfajiri na kufunga saa nane mchana. Kinachowapangia ratiba ni mashamba na zamu za viwandani, wala si watalii. Anayekamua ng'ombe anaamka usiku, na saa moja anataka kula. Kabla hujajipangia chakula cha jioni kwenye mgahawa wa kijiji, hakikisha kwa simu kwamba wanapika jioni. Ramani ya kwenye simu hubeba saa za zamani, na Jumatatu nyingi hufungwa.

Nikiingia nafanyaje? Nakaa popote?

Soma kibao cha mlangoni. Kama kinakutaka usubiri kuonyeshwa nafasi, subiri. Kama hakuna kibao, kaa unapotaka, isipokuwa kwenye meza kubwa ya katikati au ya karibu na mtungi wa kahawa. Hiyo ni ya wazee, nitaieleza baadaye.

Ukiwa peke yako, chagua kaunta. Kwanza unahudumiwa upesi. Pili, unawaachia familia zile meza za kochi. Tatu, na hii ndiyo sababu yangu hasa, kaunta ndiyo sehemu pekee ambako mgeni anaweza kuongea na mtu bila kujipeleka. Unatazama jiko, jirani yako anatazama jiko, na maneno yanakuja yenyewe. Utaona karatasi ya oda ikibanwa kwenye kigurudumu cha chuma dirishani mwa jiko, mpishi akikizungusha, akisoma kwa jicho moja huku mkono wa kulia ukipasua mayai mawili kwenye ukingo wa bamba la moto. Viazi vilivyoparuzwa viko kushoto vinakauka rangi ya kahawia. Anavibana kwa mwiko bapa, anasikiliza mlio wake, anavigeuza vyote kwa mkupuo mmoja. Halafu anapiga kengele ndogo, na sahani inaondoka. Mtu mmoja anaweza kuwa na oda nane kichwani na asikosee hata moja. Hiyo ni kazi ya ustadi, na inastahili kuangaliwa.

Mhudumu akiniuliza nataka mayai vipi, najibu nini?

Hapa ndipo wengi hukwama, wakasema "fried" na kuangaliwa kwa kungojewa. Anachotaka kujua ni kiini kiwe vipi. "Sunny side up" ni yai lililokaangwa upande mmoja tu. "Over easy" limegeuzwa kidogo na kiini bado kinatiririka, "over medium" kiini kimeanza kuganda, na "over hard" kimeganda kabisa. "Scrambled" ni ya kuvuruga. Wengi wetu tuliolelewa kwenye mayai yaliyoiva sawasawa tunataka "over hard". Lisemwe bila aibu. Mpishi hana dharau na hilo.

Baada ya mayai yatakuja maswali mengine mawili: mkate wa aina gani, na viazi vya aina gani. Mkate mweupe, wa ngano nzima, wa rai ("rye") au wa chachu ("sourdough"), wote huja umechomwa na kupakwa siagi. Viazi ni ama vilivyoparuzwa, ama vya vipande. Kusini mwa nchi unaweza kupewa "grits" badala ya viazi: mahindi yaliyosagwa chenga na kupikwa yakawa laini, ndugu wa karibu kabisa wa uji wetu mzito. Weka siagi na chumvi. Sukari weka kama huogopi kutazamwa.

Sili nguruwe. Nitakula nini?

Utakula, ila lazima uulize, kwa sababu nguruwe amejificha mahali ambapo jina la chakula halimtaji. Bekoni, "ham" (paja la nguruwe) na soseji za asubuhi zinajulikana. Isiyojulikana ni mchuzi mweupe wa "biscuits and gravy" (vimkate laini vilivyomwagiwa mchuzi), ambao kwa kawaida hupikwa kwa soseji ya nguruwe na mafuta yake. Maharagwe mabichi ya Kusini mara nyingi huchemshwa na kipande cha nguruwe. Supu ya maharagwe au ya njegere ina paja la nguruwe mara nyingi. Ganda la pai ya kienyeji linaweza kuwa limekandwa kwa mafuta ya nguruwe, na wanaofanya hivyo hulisifia waziwazi, kwa hiyo ukiuliza utaambiwa. Na bamba la moto ni moja: mayai yako yanakaangwa pale pale ilipotoka bekoni.

Sema hivi, kwa Kiingereza cha kawaida: "I don't eat pork. Could you cook my eggs in a clean pan?" Kikaango kidogo kiko jikoni kila mara, na ombi hilo si geni, watu wenye mzio huomba vivyo hivyo. Siku yenye foleni wanaweza kukuambia haiwezekani. Hapo chukua mayai ya kuchemsha, uji wa shayiri, matunda, mkate na jibini. Chakula chenye jina la "chicken fried steak" si kuku hata kidogo. Ni nyama ya ng'ombe iliyopondwa, ikaviringishwa kwenye unga na kukaangwa, na wapenzi wake wakubwa wako Texas na Oklahoma. Mchuzi unaomwagiwa juu ndio wa kuuliza. Ijumaa, hasa Wisconsin na kipindi cha Kwaresima, samaki wa kukaanga wapo karibu kila mahali, ila uliza mafuta yanakaangiwa nini kingine.

Kuhusu nyama isiyochinjwa na Mwislamu, mafundisho yanatofautiana na ukurasa huu si mahali pake. Mimi nimeona watu wa safari wakishika mayai na samaki, wakaishi vizuri.

Chai ipo?

Ipo, lakini ukiagiza "tea" Georgia au Alabama utaletewa glasi kubwa ya chai baridi yenye barafu na sukari ya kushangaza. Sema "hot tea". Utapata kikombe cha maji moto na mfuko wa majani pembeni, maziwa uyaombe. Chai ya kupikwa na maziwa sahau.

Kahawa ndiyo kinywaji cha hapa. Ni nyepesi, inaongezwa bila malipo ya ziada, na mhudumu atapita na mtungi bila kuitwa. Ukitosheka, funika kikombe kwa kiganja au sema "I'm good". Maji ya bomba ni bure.

Bakshishi ni lazima?

Kisheria, hapana. Kiutu, ndiyo, na naomba hili lisichukuliwe kirahisi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, ilimradi bakshishi zifikishe jumla hadi kima cha chini cha dola 7.25, nacho hakijapanda tangu 2009. Zisipofikisha, mwajiri anatakiwa kuongeza pengo. Majimbo machache, yakiwemo California, Washington, Oregon, Minnesota na Montana, yameukataa mpango huo na yanadai kima kamili kabla ya bakshishi. Kwingineko, mama anayekujazia kahawa analipwa na wewe zaidi kuliko na tajiri wake.

Kawaida ni asilimia 15 hadi 20 ya bili. Bili ya dola 15, acha 3. Ukinywa kahawa peke yake na kukaa saa nzima, asilimia haina maana. Acha dola mbili tatu, maana umeshikilia kiti ambacho kingempa mteja mwingine. Fedha taslimu ni bora, chini ya ukingo wa sahani. Kwetu tumezoea kwamba bei ni bei, na wako wanaoiona bakshishi kama hila. Hila kama ipo imefanywa na waliotunga sheria. Aliyekuletea chakula hakuitunga.

Bei kwenye menyu ndiyo ninayolipa?

Si hasa. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, na inatofautiana kwa jimbo na hata kwa kaunti. Oregon, Montana na Delaware hazina kodi ya mauzo ya jimbo. Bili huwekwa mezani kifudifudi, nawe unaipeleka mwenyewe kwenye mashine ya pesa karibu na mlango. Baadhi ya migahawa bado hupokea taslimu tu, kwa hiyo kuwa na noti. Chakula kilichobaki unapewa kisanduku ukiomba "a box", na hakuna atakayekuona mchoyo. Wenyeji wote hufanya hivyo, kwa sababu sahani ni kubwa kupita kiasi.

Mhudumu ameniita "honey". Nifikirie nini?

Usifikirie kitu. Wanawake wa makamo wa Kusini na wa kati mwa nchi humwita hivyo kila mtu, kuanzia mtoto hadi babu. Mjibu kwa heshima, "yes, ma'am" na "thank you, ma'am", na ukilijua jina lake kutokana na beji litumie. Tabia tuliyofundishwa ya kumstahi mwenye umri inafanya kazi vizuri kabisa hapa, pengine kuliko mijini.

Mimi ni mweusi, au navaa hijabu. Nitapokelewaje?

Swali hili ndilo linalowazuia watu wengi kutoka barabara kuu, na halistahili jibu la kupamba.

Hofu hiyo ina mizizi. Kuanzia 1936 Victor Hugo Green, mtu wa posta wa New York, alichapisha mwongozo wa kuwaonyesha madereva weusi mahali ambapo wangehudumiwa bila kufedheheshwa, na mwongozo huo ulihitajika kwa miaka 30. Waafrika hawakunusurika kwa kuwa wageni. Oktoba 1957 Waziri wa Fedha wa Ghana, Komla Agbeli Gbedemah, alikataliwa kuketi kwenye mgahawa wa kando ya barabara huko Dover, Delaware, hata maji ya machungwa asinywe humo ndani. Rais Eisenhower alimwalika kifungua kinywa Ikulu kufuta aibu. Mwaka 1961 Balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikataliwa huduma kwenye barabara ya 40 huko Maryland, akiwa safarini kuelekea Washington, na mabalozi wengine wa Afrika walikumbana na hayo hayo katika njia hiyo. Serikali ya Kennedy ililazimika kuzungumza na wenye migahawa ya barabara ile.

Walioibadilisha kaunta ni watu waliokaa kwenye viti vyake. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi, Ezell Blair Jr., David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa, wakakataliwa, na hawakuondoka hadi duka likafungwa. Kesho yake walirudi na wengine. Mwezi Julai kaunta ile ilianza kuwahudumia weusi. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1964, na Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya mgahawa wa nyama choma wa Birmingham, Alabama, iliamua kwamba hata mgahawa mdogo wa familia unafungwa na sheria hiyo. Kukukatalia huduma kwa rangi, dini au nchi utokayo ni kuvunja sheria ya shirikisho.

Sasa hali ya leo. Mlango ukifunguka, vichwa vitageuka. Vinageuka kwa kila mgeni, kwa sababu kila mwenyeji anategemea kumjua aingiaye. Sema "good morning" kwa sauti ya kusikika, ukae. Mara nyingi sana kinachofuata ni swali la unakotoka, kisha la unachobeba kwenye lori, kisha mtu anakueleza kuhusu mwanawe aliyewahi kufika Mombasa akiwa mwanamaji. Mara chache kinachofuata ni ukimya na huduma ya kujivuta. Ukiona hivyo huna deni la kumaliza kahawa. Lipa ulichotumia, nenda. Na kama umekataliwa waziwazi, andika jina, mahali na saa, kwa kuwa malalamiko hupokewa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Nasema haya yote na bado nasema ingia. Viti vile vilipiganiwa, na mimi siwezi kukaa garini nikila mkate mkavu kwa sababu ya mtu mmoja anayenuna.

Ile meza ya wazee ni ya nini?

Ni wakulima waliostaafu, fundi wa magari, mwenye duka la vifaa, wakati mwingine mchungaji. Wanakuja alfajiri kila siku, wanakunywa kahawa, wanabishana kuhusu mvua, bei ya mahindi na timu ya shule ya sekondari. Wengine wana vikombe vyao vimetundikwa ukutani kwa majina. Asipotokea mmoja, mtu hutumwa nyumbani kwake kumwangalia. Kwa mzee mjane anayeishi peke yake shambani, huo ndio ulinzi alionao.

Usikae hapo bila kualikwa. Ukialikwa, kaa. Zungumza mvua, barabara na mazao. Siasa waachie wenyewe.

Kwa nini inazidi kufungwa?

Sababu ya kwanza ni barabara. Tarehe 29 Juni 1956 Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa Interstate wa maili 41,000. Barabara hizo zimezungushiwa uzio na zina njia maalumu za kuingilia na kutokea, hivyo mji uliokuwa ukipitiwa na magari yote ukajikuta pembeni. Route 66, iliyounganisha Chicago na Los Angeles tangu 1926, iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985, na miji yake mingi ilikuwa imekwisha kunyong'onyea. Kampuni zenye matawi zikajenga pale pale kwenye njia za kutokea.

Ya pili ni watu. Mashamba yamekuwa makubwa na mashine zimekuwa kubwa, kwa hiyo eneo lililolisha familia kumi sasa linalimwa na moja. Ya tatu ni mrithi: mwenye mgahawa ana miaka 70, magoti yamechoka, na mtoto wake ni muuguzi Denver. Ongeza gharama. Homa ya ndege iliyoingia mwaka 2022 ilifikisha wastani wa bei ya dazeni ya mayai dola 6.23 mwezi Machi 2025, na mgahawa unaoishi kwa mayai haukuwa na pa kukimbilia.

Kuna miji iliyokataa. Wakazi wamechanga, wakanunua jengo kwa hisa, na wanapika kwa zamu za kujitolea. Ukikuta mgahawa wa namna hiyo, kula hata kama huna njaa sana.

Usafi ukoje?

Hukaguliwa na idara ya afya ya jimbo au kaunti, na kibali hubandikwa ukutani. Majimbo mengi huweka ripoti mtandaoni. Choo kichafu ni dalili tosha ya kuondoka.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanakaribishwa sana. Kuna sahani ndogo za watoto na kalamu za rangi.

Nimeupenda mgahawa. Nausaidiaje usifungwe?

Lipa taslimu ukiweza, kwa kuwa kila malipo ya kadi humkata mwenye mgahawa asilimia kadhaa. Nunua pai, hata kipande cha kubeba. Tufaha, cheri au rubabu ("rhubarb", mmea wa mashina machachu) Kaskazini, kokwa za pekani Kusini. Halafu andika maoni kwenye ramani ya simu, na usiishie kusema pazuri. Andika saa walizofungua siku uliyofika, kama wanapokea kadi, kama walikubali kutumia kikaango safi, na lori la ukubwa gani linaweza kugeuza hapo na upande upi. Andika kwa Kiingereza, kisha rudia kwa Kiswahili chini yake. Dereva wetu mwingine anapita njia hiyo wiki ijayo.